Nafasi, Kufaulu na Kuchaguliwa: Lugha ya Kukadiria Uwezekano wa Mwanafunzi Kuingia Shule za Kibaha na Minaki

IKISIRI

Makala hii inachunguza lugha inayotumika kukadiria uwezekano wa mwanafunzi kuchaguliwa kuingia katika shule za sekondari zenye ushindani mkubwa. Mifano inatokana na shule mbili za Mkoa wa Pwani: Kibaha, iliyomo katika kundi la shule za vipaji maalumu, na Minaki, iliyoko Kisarawe. Inadaiwa kwamba neno nafasi hubeba dhana tatu zinazopaswa kutenganishwa, na kwamba vitenzi kufaulu na kuchaguliwa, ambavyo katika mazungumzo huchukuliwa kuwa hatua mbili za jambo moja, vina watenda tofauti. Kuchanganywa kwa dhana hizo kuna madhara nje ya isimu: mtoto aliyefaulu bila kupata kiti katika shule aliyoitarajia huhesabiwa, naye hujihesabu, kuwa ameshindwa. Mwishoni inapendekezwa namna ya kuunda kauli ya makadirio iliyo wazi zaidi.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia, swali moja huulizwa katika maelfu ya nyumba: je, mtoto huyu ataingia? Swali hilo huelekezwa kwa mwalimu wa darasa, naye hulijibu kwa maneno machache. Wataalamu wa upimaji wamezoea kulitazama swali hili kama suala la hesabu. Hapa linatazamwa kama suala la lugha, kwa sababu kabla makadirio hayajawa tarakimu huwa sentensi, na mzazi huondoka shuleni na sentensi hiyo, si na jedwali la matokeo.

Makala inajihusisha na ngazi mbili za uchaguzi: kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza, na kutoka kidato cha nne kwenda kidato cha tano. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kufuata mazoea ya usemi wa walimu, wazazi na watangazaji wa matokeo. Majina ya watu yaliyomo katika mifano hayamhusu mtu yeyote halisi. Tarakimu zinazohusu mikoa ya kubuni zimeelezwa hivyo mahali zinapotokea.

2.0 Usuli wa Shule Zinazojadiliwa

Minaki ni kongwe zaidi. Chimbuko lake ni Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Zanzibar, kilichoendeshwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamishiwa Minaki, karibu na mji wa Kisarawe. Katika enzi ya Mwingereza shule za Waafrika zilizofika viwango vya juu zilikuwa chache sana, na kuingia mojawapo kulikuwa tukio la kijiji kizima. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilichukua usimamizi wa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, na uteuzi wa wanafunzi ukawa wa kitaifa.

Kibaha ilianza kwa namna nyingine. Ni tunda la Mradi wa Nordiki wa Tanganyika, ulioanzishwa baada ya Uhuru kwa msaada wa nchi za Skandinavia na Finland, ukiunganisha elimu, afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Shule ya sekondari ilifunguliwa mwaka 1965, na mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Leo shule hiyo ya wavulana imo katika kundi la shule za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana.

Jambo moja la kisarufi linajitokeza mara moja katika majina haya. Kiunganishi cha -a unganifu katika kirai kama shule ya Kibaha kina maana mbili: shule iliyoko Kibaha, na shule iliyo mali ya watu wa Kibaha. Kwa shule ya bweni inayopokea wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali, maana ya kwanza ndiyo pekee iliyo sahihi. Mkazi wa Kisarawe anayeiona Minaki kila siku, au mkazi wa Kibaha anayesikia kengele ya shule, huweza kuielewa -a hiyo kwa maana ya pili, akadhani kwamba ukaribu wa mahali unampa mwanawe haki ya kiti. Ukaribu huo hauna uzito wowote katika uchaguzi.

3.0 Nafasi: Neno Moja, Dhana Tatu

Zichunguzwe sentensi zifuatazo:

(1) Hamisi ameshika nafasi ya pili darasani.
(2) Kibaha wana nafasi chache mwaka huu.
(3) Hamisi ana nafasi kubwa ya kuchaguliwa.

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kuzielewa sentensi hizi zikiwa zimetengana. Utata hutokea zinapofuatana katika mazungumzo mamoja. Kwa ajili ya mjadala, nafasi ya sentensi (1) itaitwa nafasi-safu, yaani mahali pa mtu katika orodha iliyopangwa. Ile ya (2) itaitwa nafasi-kiti, yaani pahali panapoweza kukaliwa na mtu mmoja. Ile ya (3) itaitwa nafasi-tarajio, yaani kiasi cha uwezekano wa jambo kutokea.

Sarufi yenyewe huzitenganisha dhana hizi. Nafasi-safu hufuatwa na namba ya mpango inayounganishwa kwa -a (ya pili, ya kumi), na kitenzi chake cha kawaida ni kushika. Nafasi-kiti huhesabika: huwa tatu, huwa mia, hujaa, huisha, na hukubali upatanisho wa wingi, kama katika nafasi zimejaa. Nafasi-tarajio haihesabiki. Hupimwa kwa kivumishi kubwa au ndogo, na hufuatwa na kirai chenye kitenzi-jina: nafasi ya kuchaguliwa, nafasi ya kupita. Mtu akisema Hamisi ana nafasi tatu za kuchaguliwa, maana hugeuka na kuwa fursa tatu tofauti, si uwezekano mkubwa mara tatu.

Pamoja na alama hizo za kisarufi, majibizano kama haya ni ya kawaida:

(4) Mzazi: Mwalimu, mwanangu ana nafasi?
Mwalimu: Ana nafasi, mama. Darasani ni wa pili. Asipunguze bidii tu.

Mzazi ameuliza nafasi-tarajio. Mwalimu amekiri kwa kurudia neno lilelile, kisha ushahidi alioutoa ni nafasi-safu, tena ya darasa moja. Nafasi-kiti haikutajwa kabisa. Si kwamba mwalimu amedanganya. Adabu ya mazungumzo haimruhusu kumjibu mama wa watu kwamba viti ni vichache na mwanawe huenda asipate. Tafsida imejificha ndani ya polisemia, na kila mmoja ameondoka na maana yake.

Nafasi-tarajio haiwezi kupatikana kutokana na nafasi-safu peke yake. Inategemea pia idadi ya viti na ukubwa wa kundi la ushindani. Tangu miaka ya 1970 uchaguzi wa Tanzania umekuwa na desturi ya mgao: nafasi za shule za kitaifa hugawiwa mikoa kwa kuzingatia idadi ya watahiniwa, na wavulana na wasichana hushindana kila kundi peke yake. Lengo lake ni usawa, ili mikoa iliyotangulia kielimu isijaze shule zote. Kutokana na mgao huo, alama zilezile huweza kuwa na thamani tofauti katika mikoa miwili.

Ichukuliwe mikoa miwili ya kubuni. Mkoa A una watahiniwa wavulana 40,000 na umegawiwa viti 8. Mkoa B una watahiniwa 20,000 na umegawiwa viti 4. Uwiano ni ule ule, kiti kimoja kwa watahiniwa 5,000, na kwa kigezo hicho mgao ni wa haki. Lakini ichukuliwe pia kwamba waliopata zaidi ya alama 285 kati ya 300 katika Mkoa A ni 120, na katika Mkoa B ni 10. Mvulana wa kundi hilo la juu katika Mkoa A anagombea viti 8 na wenzake 119, yaani kiti kimoja kwa watu 15. Katika Mkoa B viti 4 vinagombewa na watu 10. Sentensi Hamisi ana nafasi kubwa ya kuchaguliwa haina thamani ya ukweli inayojulikana mpaka kundi lake la ushindani litajwe.

Suala la jinsia linaonyesha hoja hii kwa ukali zaidi. Nomino mwanafunzi, kama nomino nyingine za ngeli ya kwanza, haitofautishi mvulana na msichana. Kauli ya mwalimu kwamba mwanafunzi bora wa shule yetu huenda Kibaha inasikika kama ahadi kwa darasa zima. Kwa msichana wa Kisarawe aliyeshika nafasi ya kwanza, nafasi-kiti katika shule hiyo ya wavulana ni sifuri, na viti vinavyomhusu katika kundi la vipaji maalumu viko Morogoro, Dodoma na Tabora. Uchache wa alama za jinsia katika Kiswahili, ambao kwa kawaida husifiwa kuwa ni uungwana wa lugha, hapa unaficha mpaka ulio halisi.

4.0 Kufaulu na Kuchaguliwa: Suala la Mtenda

4.1 Kizingiti na ushindani

(5) Juma amefaulu.
(6) Juma amechaguliwa kwenda Kibaha.
(7) Juma amepangiwa Minaki.

Katika (5) kitenzi ni cha kauli ya kutenda na si elekezi. Juma ni kiima, naye ndiye anayehesabiwa kuwa chanzo cha tokeo. Katika (6) kitenzi ni cha kauli ya kutendwa. Juma ni kiima cha kisarufi, lakini mtenda ni mwingine, naye hakutajwa. Katika (7) kuna hatua zaidi: shina -panga limechukua kiambishi cha kutendea kisha cha kutendwa, na Juma amekuwa mtendewa aliyeletewa mpango uliotengenezwa mahali pengine. Usemi uliozoeleka wa wanafunzi, Nimechagua Kibaha nikapangiwa Minaki, unabeba uhusiano wote huo katika maneno manne: mwanafunzi ni mtenda wa kuchagua kwenye fomu, kisha ni mtendewa wa kupangiwa.

Tofauti hii ya kauli inaambatana na tofauti ya maana. Kufaulu ni kuvuka kizingiti. Katika mtihani wa darasa la saba wenye masomo sita na jumla ya alama 300, anayepata alama 121 au zaidi huhesabiwa kuwa amefaulu, na kufaulu kwake hakumpunguzii mwenzake chochote. Kuchagua, kwa upande mwingine, ni kitenzi kinachodai kuwepo kwa wengi na kutwaliwa kwa wachache. Mmoja akichaguliwa kwa kiti kimoja, mwingine hakuchaguliwa. Darasa zima linaweza kufaulu, lakini haliwezi kuchaguliwa lote kwenda Kibaha.

Historia imeyasukuma maneno haya mawili kukaribiana na kuachana. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alieleza kwamba ni kiasi cha asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata kuendelea na sekondari, na kwamba asilimia 87 waliosalia waliondoka na hisia ya kushindwa. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipotekelezwa kuanzia mwaka 1977, waliomaliza waliongezeka kuliko viti vya sekondari. Ndipo kauli amefaulu lakini hakuchaguliwa ilipozoeleka nchini. Kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulileta shule za kata, na kufikia mwaka 2009 nchi ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 4,000. Tangu hapo kuchaguliwa, bila kutaja shule, kumekaribia kuwa sawa na kufaulu. Ushindani haukwisha, ila umehamia ndani ya swali jingine: amechaguliwa wapi?

4.2 Kufeli, kufelishwa na kubahatika

Msamiati wa upande wa pili unastahili kuangaliwa. Kushindwa ni kauli ya kutendwa ya kushinda, lakini katika ameshindwa mtihani mtenda amesahaulika, na mzungumzaji hamtafuti tena mshindi. Kufeli, neno la mkopo, limeingia kama kitenzi kisicho elekezi: kosa ni la aliyefeli. Wanafunzi wenyewe wamelirekebisha kwa kulipa viambishi vya Kibantu, wakasema nimefelishwa. Usababishi na utendwa vimeongezwa ili mtenda mwingine arudi katika sentensi. Wakubwa husikia katika neno hilo visingizio vya mvivu. Wakati mwingine huwa hivyo, lakini si wakati wote.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yanatoa ushahidi. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa katika daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei 2013 ikatangaza kuyafuta matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu wa viwango uliotangulia. Majibu ya watahiniwa yalikuwa yaleyale, wala hakuna aliyeingia tena katika chumba cha mtihani. Hata hivyo baadhi ya walioitwa waliofeli waliamka wakiwa waliofaulu. Sarufi ya wamefaulu iliwafanya wao kuwa watenda wa badiliko ambalo hawakulitenda. Kwa hiyo hata kufaulu, kitenzi kinachoonekana kumtegemea mwanafunzi peke yake, kina mtenda wa pili aliyefichika: anayeweka kizingiti.

Kitenzi cha tatu ni kubahatika. Taarifa za hadhara hupenda kirai waliobahatika kuchaguliwa, na kinyume chake hawakubahatika. Kirai hiki kinafariji, kwa kuwa kinamwondolea lawama aliyekosa. Kasoro yake ni kwamba kinaufanya uchaguzi uonekane kama bahati nasibu, ilhali ni upangaji wa safu wenye kanuni. Bahati imo kweli, lakini mahali pake ni kwingine: mtu hakuchagua mkoa atakaofanyia mtihani, wala idadi ya walimu wa hisabati katika shule yake.

5.0 Alama, Pointi na Mwelekeo wa Hesabu

Mzazi anayetaka kukadiria hukutana pia na tarakimu zinazobadili mwelekeo. Katika darasa la saba, alama nyingi ni sifa. Katika kidato cha nne, masomo saba bora ya mwanafunzi hugeuzwa kuwa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla bora kabisa ni 7 na mbaya kabisa ni 35, na daraja la kwanza ni kuanzia 7 hadi 17. Sentensi mtoto amepata nyingi, ambayo miaka minne iliyotangulia ilikuwa ya kushangiliwa, sasa ni ya kuhuzunisha. Katika matokeo ya mwaka 2014 ulitumiwa wastani wa alama, ambamo tarakimu kubwa ndiyo bora. Mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarejeshwa. Familia yenye watoto watatu waliofuatana iliweza kusikia kauli tatu za matokeo zisizolinganishika.

Hata mwelekeo ukijulikana, jumla ya pointi haitoshi kukadiria nafasi ya kidato cha tano, kwa sababu kiti huko ni cha tahasusi, si cha shule tu. Neno tahasusi, lenye asili ya Kiarabu, limo katika maandishi rasmi, ilhali mchepuo, nomino iliyoundwa kutokana na kuchepuka, ndilo la midomoni. Mchepuo unaonyesha vizuri zaidi kinachotokea: njia inagawanyika. Wachukuliwe wanafunzi wawili wa kubuni, kila mmoja akiwa na daraja la kwanza la pointi 15. Wa kwanza ana A katika fizikia, kemia na baiolojia, na C katika masomo manne mengine: 3 na 12, jumla 15. Wa pili ana C katika sayansi hizo tatu, A katika masomo mawili mengine na B katika mawili: 9 na 6, jumla 15. Kwa mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, wa kwanza anahesabiwa pointi 3 na wa pili pointi 9. Kusema kwamba wamefaulu sawasawa ni kweli. Kusema kwamba wana nafasi sawa ya kuingia mchepuo huo, Kibaha au Minaki, ni kosa, na kosa hilo hutokana na kutolitaja kundi la masomo linaloshindaniwa.

Ifahamike kwamba alama hazikuwa kipimo pekee katika historia ya elimu nchini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi, naye apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Hapo nafasi-tarajio ya mtu ilitegemea sentensi za barua asiyoiona. Jambo kama hilo linaonekana leo katika vyuo teule vya Marekani, ambavyo huzingatia insha na barua za walimu pamoja na alama. Kadiri kipimo kinavyoegemea maneno, ndivyo lugha inavyozidi kuwa sehemu ya hukumu.

6.0 Kipaji, Uwezo na Bidii

Istilahi shule za vipaji maalumu inadai uchambuzi. Kipaji na kipawa yote yanahusiana na shina -pa. Kipawa kinabeba umbo la kutendwa, -pawa, kwa hiyo ni kitu ambacho mtu amepewa. Anayesikia jina hilo hufikiri juu ya tunu aliyozaliwa nayo mtoto. Kinachopimwa katika uchaguzi ni kingine: ufaulu wa juu katika mtihani mmoja, ndani ya mgao wa mkoa. Tofauti hii haionekani kwa aliyechaguliwa, maana jina linampendeza. Inamwumiza asiyechaguliwa, kwa sababu kutoka hakupata kiti mpaka hana kipaji ni hatua moja fupi, na jina la shule limeshaichukua kwa niaba yake.

Kitenzi kuweza nacho kina utata wa aina hiyo. Anaweza kuchaguliwa huweza kumaanisha kwamba ana uwezo unaostahili, au kwamba jambo hilo linawezekana kutokea. Nomino zake zimekwisha kutengana: uwezo ni wa mtu, uwezekano ni wa tukio. Kitenzi hakijatengana. Mwalimu anayesema mtoto huyu anaweza akiwa na maana ya uwezo hunukuliwa nyumbani kwa maana ya uwezekano, na kufikia wiki ya pili kiambishi cha njeo kimekwisha kubadilika: mtoto huyu atakwenda Kibaha.

Ripoti za shule hulifunga fumbo hili kwa neno bidii. Aongeze bidii ni maoni yanayofaa karibu kila mtoto. Yakirudiwa bila kutajwa viti na ushindani, hujenga imani kwamba bidii na kiti huenda pamoja daima, na kwamba aliyekosa kiti alikosa bidii. Bidii hupandisha nafasi-safu. Haiongezi hata kiti kimoja Kibaha.

7.0 Kuelekea Kauli ya Makadirio

Kiswahili hakikosi nyenzo za kusema jambo hili kwa usahihi. Nyenzo hizo hazitumiki pamoja tu. Kauli ya makadirio inayotosheleza ingekuwa na sehemu nne: kundi la ushindani, idadi ya viti kwa kadiri inavyojulikana, sharti linalohusu alama, na kiwango cha uhakika. Zilinganishwe sentensi hizi:

(8) Mtoto huyu atakwenda Kibaha.
(9) Kijana huyu, akipata alama za kumweka miongoni mwa wavulana wa mwanzo wa mkoa wake, huenda akapangiwa shule ya vipaji maalumu. Viti vya mkoa ni vichache. Asipopata huko, atapangiwa shule nyingine, na kufaulu kwake kutabaki kulekule.

Katika (8), -ta- imefanya kazi ambayo haistahili: imetoa hakika mahali penye sharti. Katika (9), -ki- inaweka sharti, huenda ikifuatwa na -ka- inashusha uhakika, na -sipo- inafungua njia ya pili kabla haijahitajika. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi. Inatenganisha kufaulu na kuchaguliwa kabla ya matokeo, wakati ambapo utenganisho huo unaweza kusikika kama ukweli. Ukielezwa baada ya matokeo husikika kama pole.

Pingamizi moja linaweza kutolewa. Sentensi (9) ni ndefu, na mzazi aliyesafiri kutoka kijijini ili kumwona mwalimu hakuja kusikiliza masharti. Pingamizi hilo lina nguvu. Hata hivyo lugha ya wakulima wa Pwani imezoea masharti ya namna hiyo. Asemaye mvua zikiwahi, na nguruwe wasipoingia shambani, huenda mihogo ikatosha, ametaja masharti mawili na kiwango cha uhakika bila kuchosha mtu. Ugumu hauko katika sarufi. Uko katika desturi ya kuona kwamba kumwekea mtoto masharti ni kumkatia tamaa. Desturi hiyo inaweza kuzungumzwa katika vyuo vya ualimu, na mahali pake panafaa kuwa katika somo la Kiswahili sawa na katika somo la upimaji.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba makadirio ya uwezekano wa mwanafunzi kuingia shule kama Kibaha au Minaki huharibika mapema, katika neno nafasi, pale safu, kiti na tarajio vinapochukuliwa kuwa kitu kimoja. Imeonyeshwa pia kwamba kufaulu na kuchaguliwa ni matukio yenye watenda tofauti, na kwamba istilahi kipaji, kubahatika na bidii, kila moja kwa njia yake, humhamishia mtoto jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni la viti na mgao.

Suala hili halitakwisha kwa kuongezeka kwa shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, inayojumuisha sekondari ya chini. Kadiri utekelezaji wake unavyosonga mbele, kuchaguliwa kwa maana ya kuendelea na masomo kutazidi kupungua uzito, na kuchaguliwa kwa maana ya kupata shule teule kutazidi kuwa ndiyo maana kuu. Watafiti wa isimujamii wana nafasi ya kulifuatilia badiliko hilo likiwa linatokea, hasa kwa kurekodi mazungumzo ya walimu na wazazi katika shule za msingi za Kibaha na Kisarawe, ambako shule hizo mbili ni majirani wanaoonekana kila siku na viti vyake hugawiwa kwingine.